Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Malindi, 2025: Waliokimbia na Waliowakimbiza

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Hesabu atawasomea mhazini baada yangu, na katibu ana daftari la mahudhurio, hivyo hayo mawili sitayagusa ila pale yatakaponigusa mwenyewe. Nataka nizungumzie jambo moja lililotushika mwaka mzima, likatugombanisha, likatukalisha vikao vya usiku, na mwisho likatuchekesha mbele za watu: kuwatunza, yaani kuwapa heshima na zawadi mbele ya watu, wanariadha na makocha wa Malindi na vijiji vyake.

Majina yao sitayataja hapa. Yamo ubaoni, na ubao uko ukutani, kila mwenye macho akasome. Taarifa hii najua itakuwa imezunguka kwenye simu kabla sijaketi, na miongoni mwa waliotunzwa wamo watoto wa shule, na yumo mama mmoja aliyetuomba waziwazi asitangazwe mitandaoni.

Jambo lenyewe lilianzia matangani. Januari tulimzika mzee mmoja upande wa Gede, ambaye kila mtu alijua kwamba ujanani alikuwa mkimbiaji hatari. Tumekaa kwenye majamvi, kahawa inazunguka, nikauliza alikuwa akikimbia mbio gani. Mmoja akasema mita 400. Mwingine akaapa ni 800. Shemeji yake akasema hapana, yule alikuwa winga. Hata watoto wake hawakujua. Vyeti vilikuwapo, viliwekwa darini, mchwa wakavimaliza. Nilirudi nyumbani na aibu, maana mimi na marehemu tulijuana miaka mingi, tukazungumza siasa na bei ya samaki, na sikuwahi kumuuliza.

Kikao cha Februari nikaleta hoja: tuwatafute walio hai, tuandike walichofanya, tuwatunze wakiwa wanasikia. Hoja ilipita bila kura. Baada ya hapo hakuna kilichopita bila kura.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa nani ahesabiwe wa hapa. Kuna askari aliyezaliwa bara, akaletwa kazini Malindi, akafanya mazoezi ufuoni miaka na miaka na kuwavuta vijana wa Maweni nyuma yake. Na kuna kijana wa Mambrui aliyechukuliwa na shule ya Bonde la Ufa tangu kidato cha kwanza, medali zake zote zikaandikwa kule. Wazee walimtaka wa pili, vijana wakamtaka wa kwanza. Tuliishia kusema: yeyote aliyefunzwa hapa, au aliyefunza hapa. Kwa kanuni hiyo askari akaingia, na kijana wa Mambrui akaingia pia, maana mwalimu wake wa darasa la sita ndiye aliyemvua kandambili akamwambia kimbia. Naona kanuni imekaa vizuri. Wapo wasioiona hivyo na wamenuna mpaka leo. Mlango uko wazi.

Ugomvi wa pili ulikuwa kama atunzwe na binti wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 200, ambaye kwa sasa hakuna wa kumshika hapa karibu. Mzee mmoja akasimama akasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu methali hiyo haihitaji maelezo, minazi iko pale dirishani. Mimi nilikuwa upande wa mzee, na tulishindwa. Binti hakupewa ngao. Alipewa viatu vya misumari vya kipimo chake, maana vile alivyokuwa akikimbilia ni vya dada yake na alikuwa anavijaza matambara vidoleni. Sasa nakiri kuwa vijana waliona mbali kuliko sisi.

Ugomvi wa tatu ndio uliokuwa na uzito. Nilitaka makocha waitwe mbele kabla ya wanariadha, na nusu ya kamati ikanishangaa. Hoja yangu ilikuwa hii. Matokeo huandikwa jina la aliyefika, na aliyemwamsha alfajiri miaka minane haandikwi popote. Eliud Kipchoge anajulikana na dunia nzima. Patrick Sang anayemnoa, ambaye mwenyewe alileta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Barcelona 1992, wengi wetu humkumbuka akionekana pembeni ya Kipchoge. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, Iten, hana cheti chochote cha ukocha, akajifunza kwa kuwatazama watoto wakikimbia. David Rudisha alipitia mikononi mwake hadi kufika dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Na Februari 2024, Kelvin Kiptum, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 miezi minne tu kabla, alifariki katika ajali ya gari pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda. Walikuwa gari moja, wakaondoka usiku mmoja. Katika mazungumzo ya barazani hapa kwetu wiki ile, nilisikia jina moja tu likitajwa.

Kijana mmoja akanijibu, na jibu lake lilikuwa zuri: je, Julius Yego? Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye YouTube, na mwaka 2015 kule Beijing akaurusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kocha wake alikuwa nani, simu? Nikamwambia kweli, alianza hivyo, lakini hakuishia hivyo; alikwenda Finland akapata kocha wa kumrekebisha. Na wale waliomo kwenye zile video, nikasema, wote walikuwa na makocha. Kura zikawa sawasawa. Kura ya mwenyekiti ikaamua, na najua mengi yalisemwa juu ya kura hiyo.

Sasa niwaeleze kazi ya kutafuta, maana hapo ndipo nilipojifunza.

Kila tulipokwenda tulikuta hadithi nyingi na karatasi chache. Unyevu wa bahari, mchwa, paa za makuti zinazovuja, mafuriko ya Sabaki kwa watu wa Gongoni na Mambrui: cheti cha shule hakiwezi kushindana na vyote hivyo. Mtu anakwambia alikimbia mita 100 kwa sekunde 10. Unamuuliza nani alishika saa, anakasirika. Tungeweza kuandika tu anavyosema kila mtu, lakini ubao wa namna hiyo ungechekwa na wajukuu wao wenyewe.

Kilichotuokoa ni mwalimu mmoja mstaafu. Huyu alifundisha hesabu na riadha katika shule za msingi kati ya Gede na Msabaha, na alipostaafu hakuondoka na chochote ila madaftari yake. Tulipofika kwake akatutolea sanduku la bati, ndani madaftari ya miraba yamefungwa kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili, na mkaa umetiwa kwenye kona kunyonya unyevu. Kila siku ya mazoezi imeandikwa: tarehe, jina la mtoto, umbali, muda, na safu ya mwisho yenye maneno mafupi ambayo kwanza hatukuyaelewa. Leso imelala. Leso inacheza. Leso imenyooka, mgongoni.

Akatueleza. Alikuwa akifunga kipande cha leso ya mkewe juu ya mti kando ya mstari wa mita 100. Uwanja wake ulielekea kusini, hivyo msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, watoto walikimbia na upepo mgongoni na muda ukawa mzuri kupita kiasi. Kusi likiingia, mtoto yuleyule anaonekana amezorota. Sheria za riadha hazikubali rekodi ya mita 100, mita 200 au kuruka mbali kama upepo wa nyuma umezidi mita 2 kwa sekunde. Kipimo cha upepo hakuwa nacho, akatumia leso. Ikinyooka, muda anauandika lakini hamwambii mtoto.

Na saa yake ilikuwa ya mkono, ya kubonyeza kwa kidole, kama za wote. Nilimuuliza kwa nini alianzisha mbio kwa vibao viwili vya mbao badala ya filimbi. Akanitazama kama mwanafunzi mzito. Sauti, akasema, huchukua karibu theluthi ya sekunde kusafiri mita 100. Mwenye saa akingoja asikie, amekwisha kumzawadia mkimbiaji muda ambao si wake. Vibao unaviona vikigongana. Macho, mwanangu, si masikio. Hata hivyo saa ya mkono humpendelea mkimbiaji, ndiyo maana muda wake ukilinganishwa na wa mitambo katika mita 100 na 200 huongezwa sekunde 0.24. Haya yote mwalimu alikuwa akiyajua na kuyafanya kwenye uwanja wa nyasi na michongoma, analipwa mshahara wa hesabu peke yake.

Ndani ya daftari moja tulimkuta yule mama aliyeomba asitangazwe. Leo anauza samaki wa kukaanga Mambrui. Mita 100, peku, sekunde 12.4, leso inacheza. Alikuwa na miaka 16. Mwaka uliofuata aliolewa na daftari halimtaji tena. Tulipompelekea habari hiyo hakusema kitu kwanza; alifuta mikono kwenye kanga, akaomba aonyeshwe mwandiko, akauweka kidole pale penye jina lake kwa muda. Kisha akauliza: na yule aliyekuwa akinifuata, yeye aliandikiwa ngapi? Tukamsomea. 12.9. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

Kocha wa pili tuliyemtunza ni kijana, mwanamke, anayewanoa wasichana wa Ganda na Kakuyuni kabla jua halijapanda. Wazazi waliokataa binti zao kuvaa kaptura aliwashonea mwenyewe suruali za kubana na vilemba vyepesi, na mwezi wa Ramadhani akahamisha mazoezi hadi saa moja kabla ya magharibi ili mtoto akimaliza afike kwenye futari. Sina la kuongeza juu yake ila kwamba nauli ya wasichana hao hutoka mfukoni mwake, na hilo ni deni letu. Mrusha mkuki wetu, mvuvi, alianza na ufito wa mkoko ufuoni Mayungu. Na yule kijana aliyerudi kutoka Bonde la Ufa, na askari, mmekwisha kuwasikia.

Hapa niweke neno kwa wale ambao kila mwaka hutukatisha tamaa kwa kusema riadha ni ya watu wa milimani. Mimi huwajibu kwa jina moja, Seraphino Antao. Alizaliwa Mombasa mwaka 1937, mtoto wa Wagoa, na mwaka 1962 kule Perth, Australia, akashinda yadi 100 na yadi 220 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Kipchoge Keino na Naftali Temu walikuwa bado hawajaleta dhahabu zao za Mexico. Mwaka 1964 Antao ndiye aliyebeba bendera ya Kenya Tokyo. Alifariki London mwaka 2011. Niliwauliza vijana kumi na wawili pale uwanjani wanamjua nani. Watatu walidhani ni mchezaji wa Brazil, waliobaki walinyamaza.

Mbio ndefu kwenye joto letu ni jambo jingine, sibishi. Machi 24, 2007, Mombasa ilipoandaa mbio za nyika za dunia, jua na unyevu vilimtoa mbioni hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Lakini mtu wa mbio fupi hahitaji kuzaliwa Iten. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 Kasarani Septemba 2021 akavunja rekodi ya Afrika, alikuwa Nairobi, juu, ambako hewa ni nyepesi na humsaidia kidogo mwenye mbio fupi. Kwetu hewa ni nzito na haimpendelei mtu. Muda wa Malindi ni muda halali, ilimradi leso haijanyooka.

Siku ya sherehe wengi mlikuwapo, nitasema machache. Hatukununua vikombe vya plastiki. Akina mama walileta vikuba vya asumini na marashi. Wanaume walivikwa vikoi, wanawake wakapewa leso jozi. Makocha waliitwa mbele kwanza. Yule mwalimu mstaafu alipopanda jukwaani, mama mmoja akainuka na noti akaibana kwa pini kwenye kanzu yake, kama anavyotunzwa mchezaji harusini, na baada yake wakapanga foleni. Alisimama wima kama mti wa mashindano akipigwa pini. Mfadhili wa sherehe akamuuliza kwenye kipaza sauti kama fedha zile atazitoa zinunue vifaa vya watoto. Akasema, hapana, hizi zangu. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi pia.

Sasa kosa langu. Maandishi ya ngao nilimtumia fundi mimi mwenyewe kwa simu, usiku, bila miwani na bila kumwonyesha katibu. Kwa muuza samaki wetu niliandika 12.4 tu, nikaacha neno sekunde. Fundi akatafuta la kuweka, akaweka analolijua. Mama akapokea ngao mbele ya watu wote, akaisoma kwa sauti: mita 100, dakika 12.4. Kimya. Kisha akasema, basi nilikuwa nimebeba kapu. Aliniokoa kwa mzaha huo, lakini mwaka mzima tumezunguka tukidai usahihi wa kila nukta, halafu nukta nikaiharibu mimi. Ngao mpya imelipiwa mfukoni mwangu na haimo kwenye hesabu za mhazini. Ile yenye kosa amekataa kuirudisha; ameitundika juu ya karai lake.

Kuhusu uwanja. Ofisi moja ilituahidi ardhi na katapila kufikia Juni. Ahadi ilikuja kwa barua yenye muhuri, katapila halikuja. Tumeandika mara tatu. Wengine mnauliza kwa nini tusichore njia kuzunguka uwanja wa mpira yakaisha. Haitoshi. Njia ya mita 400 ya kawaida ina mistari miwili iliyonyooka ya mita 84.39 na kona mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50, ukiweka njia nane za mita 1.22, unahitaji kipande cha karibu mita 177 kwa 93 kabla hujaweka hata benchi. Uwanja wetu wa mpira unaishia pale penye mwembe.

Kwa hiyo Agosti tulichora ya mita 300. Mwalimu ndiye aliyesimamia. Alipigilia chuma katikati ya kona, akafunga waya, akamkabidhi mtoto mmoja ncha ya pili pamoja na kopo la chokaa lililotobolewa, akamwambia atembee waya ukiwa umekaza. Mmoja wetu alikuwa amekuja na kamba nzuri ya makumbi. Mwalimu akaikataa. Kamba huvutika, akasema, ukianza asubuhi na umande na kumaliza mchana utakuwa na kona mbili zisizofanana. Alipima njia ya kwanza sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani, pale mguu unapopita hasa, na njia ya pili na kuendelea sentimita 20 nje ya mstari, kwa magoti, akiwa na miaka zaidi ya 70. Mvua ya usiku ule ilifuta nusu ya mistari. Asubuhi alikuwa pale tena kabla yangu.

Septemba tulikusanyika kutazama mashindano ya dunia ya Tokyo. Kenya ilitoka na dhahabu 7, na Lilian Odira akashinda mita 800 kwa 1:54.62, akafuta rekodi ya mashindano hayo iliyodumu tangu 1983. Mwalimu alikuja na daftari lake, akaandika muda wake mwenyewe kwa saa ya mkono kutoka kwenye televisheni. Alikosea kwa sehemu mbili za kumi, akalaumu televisheni.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili tu. Madaftari yote yapigwe picha kabla ya masika, kazi ambayo vijana wawili wameikubali na mwalimu amewaruhusu kwa sharti kwamba hayatoki nyumbani kwake. Na watu wa Marafa, Jilore na Langobaya, ambao mwaka huu hatukuwafikia na wamelalamika kwa haki, waanzwe wao.

La mwisho ni dogo. Tufe la kilo 4 la wasichana halijaonekana tangu wiki ya sherehe. Tumeambiwa liko mahali linazuia mlango wa duka usigonge upepo ukivuma. Mwenye duka anajijua. Lirudi kabla ya Jumamosi, mazoezi yanaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Mwenyekiti